Musoshi Inastahili Chumba Chake

Wasichana waliozaa na wafanyakazi wa Kijapani kule Musoshi, katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, leo ni bibi wenye wajukuu. Baadhi yao wameshazikwa. Watoto wao nao ni watu wazima wa miaka arobaini na hamsini, wanaishi Lubumbashi, Kasumbalesa na kwingineko Haut-Katanga, na wengi wao hawamkumbuki baba kwa sura. Naandika makala hii kwa sababu naamini Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ndiyo nyumba inayofaa kuipokea habari yao, na kazi hiyo haiwezi kungoja miaka kumi mingine.

Msomaji wa mbali pengine atashangaa Wajapani walifuata nini Katanga. Walifuata shaba. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilikuwa imekwisha kuichukua mali ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitawala ardhi hii tangu 1906, na ikawa inatafuta washirika wapya. Japani nayo ilikuwa katika kasi ya kujenga viwanda. Nyaya, mota, redio, magari, vyote vilitaka shaba, na visiwani kwao haikutosha. Nippon Mining ikapata eneo kusini mwa mkoa wetu, karibu na mpaka wa Zambia. Mwaka 1969 ikaundwa kampuni ya SODIMICO, ambayo nchi ilipoitwa Zaire ilibadilika kuwa SODIMIZA. Mgodi wa Musoshi ulianza kutoa shaba mwaka 1972, na wa Kinsenda ukafuata mwaka 1977.

Wakati haukuwa upande wao. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, njia fupi ya kufika Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1977 na tena 1978 mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Shaba, ulivamiwa kutoka Angola, na vita vya Kolwezi vikawatia hofu wageni wote. Mwaka 1983 Wajapani wakaondoka.

Walipoondoka, waliacha visima vya mgodi, nyumba, mashine na watoto. Wafanyakazi wengi walikuja bila familia, wakakaa miezi na miaka, wakapata wapenzi na wake miongoni mwa wasichana wa hapa. Zinasimuliwa ndoa za kimila, mahari yakapokelewa na wazee mbele ya mashahidi. Baadhi ya wasichana walikuwa wadogo mno kwa mambo hayo, na hilo nalo lisemwe. Mkataba wa kazi ulipokwisha, bwana alirudi kwao. Watoto wengine hadi leo wanabeba majina ya Kijapani waliyopewa na baba zao au na mama zao waliotaka jina lisipotee.

Dunia ilisikia habari hii mwaka 2010, pale France 24 ilipotangaza madai mazito ya baadhi ya kina mama, kwamba kulikuwa na watoto waliouawa hospitalini wakiwa wachanga. Hideyuki Miura, mwandishi wa gazeti la Asahi Shimbun aliyekuwa mwakilishi wake Afrika Kusini, alikuja Katanga kuchunguza. Kitabu chake kwa Kijapani kilitoka mwaka 2022, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Shincho ya uandishi wa habari za kweli. Hakupata ushahidi wa mauaji hayo. Alichopata ni watu wenyewe, walio hai, wenye nyuso za baba zao na umaskini wa mama zao, wanaotaka kujua tu kama baba yupo na kama anawakumbuka. Naona uchungu kwamba madai ya mauaji ndiyo yaliyobeba habari hii duniani, na hao walio hai wakabaki nyuma ya mlango. Lakini makumbusho yenye heshima yanaweza kuyapokea yote mawili: yale ambayo kina mama waliamini, na yale ambayo uchunguzi ulionyesha.

Mama yangu mkubwa alikuwa akiuza mboga nyuma ya kantini ya wafanyakazi kule Musoshi. Kabichi, vitunguu, nyanya, na matango pale mvua ilipokubali. Hakuzaa na Mjapani, ila anawajua waliozaa. Nilimchukua Jumamosi moja tukale chakula cha mchana cha Kijapani katika hoteli moja hapa mjini, ile ambayo orodha yake ya vyakula ina piza, biriani na sushi katika ukurasa mmoja. Nilitaka kusikia chakula kitamkumbusha nini.

Samaki mbichi hakumtaka, wala sikumlazimisha. Lubumbashi iko mbali sana na bahari, na samaki wa sushi hufika hapa kwa ndege, kwa bei ambayo familia ya mtaa wa Kenya au Katuba ingekula bukari, ugali wetu, siku kadhaa. Tuliagiza wali wa kunata, supu ya miso, na samaki aliyeviringishwa kwenye chenga za mkate akakaangwa, kando yake kabichi iliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Samaki huyo kule kwao wanamwita aji. Ni ndugu wa karibu wa yule wa barafu tunayeletewa kutoka Namibia, ambaye mama zetu wanamwita Thomson na kumpika na nyanya kila wiki. Mama mkubwa alimgeuza kwa uma, akamtazama mfupa, akamtambua mara moja.

Kisha supu ikaja. Mhudumu aliweka kijiko kando ya bakuli. Mama mkubwa hakukigusa. Alilibeba bakuli kwa mikono miwili, kidole gumba ukingoni na vidole vingine chini, akalipeleka mdomoni, akanywa taratibu, akaliweka. Zaidi ya miaka arobaini imepita tangu mabwana wale waondoke, na mikono yake ilikuwa bado inajua. Aliponiona namtazama alisema, "Bale Bajapone balikuwaka nakunywa supu vile." Akaendelea kula.

Tulipomaliza ndipo alipoanza kusema, bila mimi kuuliza. Alitaja rafiki yake mmoja aliyekuwa akipikia nyumba ya bwana, aliyejifunza kuosha mchele mara nyingi mpaka maji yatoke safi, aliyemzalia mtoto wa kike. Alitaja basi lililokuja kuwachukua mabwana. "Balienda," alisema. "Ata barua hakuna. Na batoto banabakia kwetu." Hakulia na sauti haikubadilika. Alisema kama mtu anayetoa ushahidi alioushika tayari kwa muda mrefu, asiyewahi kuitwa kuutoa.

Kutoka hapo tulikwenda makumbusho. Yalianzishwa mwaka 1946, mji ukiwa bado Élisabethville, na mtaalamu wa mambo ya kale Francis Cabu, na kwa mtu yeyote wa Afrika Mashariki anayepita Lubumbashi ningesema ayaweke mbele ya duka lolote. Humo kuna misalaba ya shaba, ile midogo inayokaa kiganjani na ile mikubwa inayotaka mikono miwili, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa fedha ya watu wa hapa. Kwenye makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuaji Jean Hiernaux na Jacques Nenquin waliikuta mwaka 1957 na 1958 ikiwa imezikwa na wenyewe. Kuna historia ya Wayeke wa Msiri, aliyetoka Unyamwezi, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akajenga dola yake Bunkeya kwa shaba na pembe. Kwa hiyo nyumba hii imekwisha kuzoea kusimulia habari za wageni waliofuata shaba. Wajapani wa Musoshi wanaingia kwenye mstari uleule, mwishoni mwake tu.

Mama mkubwa alisimama kwa muda mbele ya kipande cha malakiti, jiwe la kijani ambalo shaba hulala ndani yake. Walikuwapo wanafunzi, shati jeupe na sketi ya buluu, wamekuja na mwalimu wao. Akamwambia aliyekuwa karibu naye kwamba mawe kama yale alikuwa akiyaona Musoshi, na kwamba aliyeyafukua huko chini wakati ule alikuwa na bwana wa Kijapani pembeni. Watoto wakageuka. Ndani ya dakika chache walikuwa wamemzunguka, wameacha kabati, na mwalimu hakuwazuia. Msichana mmoja akauliza, "Kambo, na bale batoto beko wapi?" Akamjibu, "Beko hapa. Unapitanaka nabo mu njia."

Nilimtazama yule msichana. Alikaa kimya, akawa anafikiri, nadhani, ni nani aliyepitana naye. Kitabu cha shule hakimfanyi mtoto afikiri hivyo. Mtu mzima aliyeona kwa macho yake, akiwa mbele ya jiwe lenyewe, anaweza. Hapo ndipo nilipoona wazi kwamba kinachotakiwa hakihitaji jengo jipya wala msaada wa mabilioni. Kinahitaji watu kama yeye waketi, waulizwe, warekodiwe, na wanachosema kipewe mahali.

Wajapani wenyewe wanaijua kazi hii kuliko wengi. Mji wa Hiroshima ulifungua makumbusho yake ya amani mwaka 1955, miaka kumi baada ya bomu. Kati ya vitu vinavyowasimamisha watu humo ni kopo la chakula cha mchana la mvulana wa shule. Mama yake alimtafuta kwenye vifusi, akaupata mwili wake na kopo lile likiwa naye, na chakula alichomfungia asubuhi kimegeuka mkaa ndani yake. Kopo moja na jina la mtoto mmoja vinasema kitu ambacho hesabu ya makumi ya maelfu ya waliokufa haiwezi kukisema peke yake. Tangu mwaka 2012 mji huo unafundisha watu wa kizazi kipya kuchukua ushuhuda wa mwathirika mmoja mmoja na kuusimulia kwa niaba yake, kwa kuwa wenyewe wanazidi kuzeeka. Na mwaka 2024 chama chao, Nihon Hidankyo, kilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, baada ya miongo ya kusimulia jambo lilelile kwa yeyote aliyekubali kusikiliza.

Na sisi wa Katanga hatuwezi kulitazama kopo lile kama watu wa pembeni. Urani ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kupeleka New York tani zipatazo 1,200 za madini yale, na mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Wachimbaji wetu walioyatoa ardhini na kuyabeba hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Hivyo uhusiano wetu na Japani ulianza kwa mawe yaliyotoka hapa bila ya sisi kujua yaendako, na robo karne baadaye ukaendelea kwa wanaume waliokuja hapa kufuata mawe mengine. Chumba ninachokiomba kingeanzia Shinkolobwe. Mtoto wa Lubumbashi akilijua kopo la Hiroshima na mtoto wa Hiroshima akiwajua watoto wa Musoshi, hao wawili wana jambo la kuzungumza.

Wala kazi hii si ngeni kwa makumbusho yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval huko Kanada, uliwaomba wakazi wa mji walete vitu vyao vya nyumbani na kumbukumbu zao, na vikaonyeshwa humo humo. Watu waliokuwa wakidhani makumbusho ni ya vinyago vya zamani na wataalamu walikuta maisha yao wenyewe nyuma ya kioo. Mwaka 2001 Dibwe alichapisha kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa mgodi hapa Katanga, akakiita Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba aliyekusudiwa ni kampuni, iliyokuwa ikitoa nyumba, posho ya unga, shule na dawa, kisha ikashindwa. Kwa watoto wa Musoshi maneno hayo ni kweli mara mbili, kwa maana waliachwa na kampuni na wakaachwa na baba wa damu.

Najua kuna pingamizi, na moja yake naiheshimu sana. Wako kina mama waliokwisha kuolewa tena, wenye waume na watoto wengine, ambao hawataki jambo hili litajwe. Wako watoto waliotukanwa mitaani kwa macho yao na nywele zao, wakachoka. Hakuna haki ya mji kujua inayozidi haki ya mwanamke huyo kunyamaza. Kila atakayerekodiwa aamue mwenyewe kama jina lake litajwe, kama sura yake ionekane, kama sauti yake isikike sasa au baada ya kufa kwake. Anayetaka kuondoa ushuhuda wake baadaye auondoe bila kuulizwa sababu.

Pingamizi ya pili, kwamba nchi ina vita mashariki na njaa mijini na haya ni mambo ya kale, siikubali. Bila karatasi, mtoto wa Musoshi hana mlango wa kubisha, na hilo ni jambo la leo. Sheria ya Japani humtambua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa pale baba anapokiri, au mahakama inapoamua, na shauri hilo linaweza kufunguliwa hadi miaka mitatu baada ya baba kufa. Mahakama ya Juu ya Japani iliamua tarehe 4 Juni 2008 kwamba kumnyima mtoto uraia kwa sababu tu wazazi hawakuoana kulikuwa kinyume cha katiba, na sheria ikarekebishwa, lakini ombi lilitakiwa kupelekwa kabla ya mwombaji kufika miaka 20. Watoto wa Musoshi walikuwa wameshaipita miaka hiyo. Kwa uraia wamechelewa. Kwa kutambuliwa na baba, mlango unafungwa mmoja mmoja, kila mzee anapozikwa huko Japani. Picha iliyopigwa mbele ya nyumba ya kambi, barua moja yenye muhuri wa posta, kadi ya kazi yenye jina lililoandikwa kwa herufi zao, hivi ni vitu vya makumbusho, na ni ushahidi pia. Leo vimo kwenye masanduku chini ya vitanda, na msimu wa mvua huingia kila mwaka.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo yanawezekana. Makumbusho na Chuo Kikuu waunde kikosi kidogo cha wanafunzi wa historia wanaojua kusikiliza, kwa sababu kuhoji mama mwenye miaka sabini juu ya ujana wake ni kazi ya adabu kabla ya kuwa kazi ya mashine ya kurekodi. Kila picha na kila barua ipigwe nakala na ya asili irudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, maana watu hawa wamekwisha kunyang'anywa vya kutosha. Ubalozi wa Japani ulioko Kinshasa uombwe kwa barua rasmi kusaidia kusoma maandishi ya Kijapani, na kampuni iliyorithi nyaraka za mgodi iombwe orodha ya waliofanya kazi Musoshi na Kinsenda. Wakikataa, barua ya kukataa nayo iwekwe kwenye kabati. Wazee wa Japani waliokuwa hapa wakiwa vijana, na ambao bado wako hai, waalikwe kusema. Sidhani wote walisahau. Yuko huko mtu anayekumbuka jina la mama wa Musoshi na hajapata wa kumwambia.

Mama mkubwa amekwisha kunitajia majina ya rafiki zake watatu walio tayari kusema. Wawili hawawezi tena safari ya gari hadi Lubumbashi, miguu imegoma. Lakini Kasumbalesa, wanakoishi, haizidi kilomita mia moja kwa barabara ya lami, na gari la chuo lenye mashine moja ya kurekodi linaweza kuondoka asubuhi na kurudi kabla ya giza.